Sufuria Moja, Matumbo Mawili

Nitasema mavi. Natanguliza kusema ili mwenye kuona haya afunge ukurasa huu aende zake. Nimelelewa Butembo, katika nyumba ambamo mtu akitaka kwenda chooni aliaga kwa kusema anakwenda kuangalia mbuzi, hata miaka ile ambayo hatukuwa na mbuzi. Heshima hiyo ilikaribia kunizika, na pamoja nami ilitaka kumzika mwanamke asiye na kosa. Kwa hiyo nitasema mavi, nitasema damu, nitasema choo, na simwombi mtu radhi.

Nina depo ya jumla Ruashi, kando ya barabara inayokwenda mgodini. Nauza unga, mafuta, chumvi, sabuni na sukari. Sisi watu wa Kivu ya Kaskazini tumejaa katika kazi hii hapa Lubumbashi; ukiona kamio, yaani lori, linapakuliwa mbele ya depo na mwenye depo ana Biblia chini ya kaunta, usihangaike kuuliza, huyo ni ndugu yetu. Kaka yangu mkubwa, ninayemwita yaya kama wasemavyo hapa, ndiye mwenye makamio. Yeye anaishi Makomeno, kwenye miti na kuta ndefu. Mimi nilijenga Ruashi, tofali kwa tofali, kwa sababu napenda kuamka karibu na mali yangu.

Ng'ambo ya ukuta wangu anakaa mama mmoja anayepika na kuuza chakula. Ni mwenyeji hasa. Babu zake walilima hapa kabla yetu sote, na mahali palipokuwa na shamba lao sasa panapita barabara. Anapika bukari, ambayo ni ugali, sombe la majani ya muhogo, maharagwe, na samaki wakavu wa Pweto anaowaloweka tangu asubuhi mpaka walainike. Mabenchi yake ndiyo yalikuwa meza yangu ya mchana. Madereva, wachimbaji, wapagazi, mimi, na yaya wangu kila alipokuja kusimamia mzigo, sote tulikula kwake, kutoka sufuria moja.

Tumbo langu lilianza taratibu, msimu wa mvua. Mwanzoni ilikuwa kuendesha tu, jambo lisilomshangaza mtu Ruashi. Hapa kila mtu ana tumbo lake, na ukisema unaumwa unajibiwa kabla hujamaliza: minyoo, amibe yaani ameba, tifoide, chagua. Mwenye duka la dawa alikuwa akiniona naingia, mkono wake uko tayari kwenye rafu.

“Njo amibe hiyo, mama,” alikuwa ananiambia. “Amibe ya Lubumbashi iko na kichwa nguvu. Ongeza tena.”

Nikaongeza tena. Nilimeza dawa za amibe mpaka mdomo ukawa na ladha ya msumari. Kuna wakati nilipata nafuu, nikamsifu Mungu na mwenye duka la dawa kwa pamoja, kisha tumbo likarudi na hasira zaidi. Halafu ikaja damu. Haikuwa ile michirizi ya mtu mwenye bawasiri. Ilikuwa damu iliyochanganyika na mavi yenyewe, na ute kama kamasi. Nilitazama, nikamwaga maji, nikanyamaza.

Ukiwa na ugonjwa wa namna hii, mji mzima unaujua kwa vyoo vyake. Kanisani nilihama kutoka benchi la mbele nikaenda kukaa karibu na mlango wa pembeni, na wenzangu wa kwaya wakadhani nimepoa katika imani. Mteja namfungia unga, ghafla utumbo unasokota, namwacha mkono ukiwa hewani nakimbia. Nikifika, kinachotoka ni kijiko cha damu na ute, na tumbo bado linadai kwamba kuna kitu hakijatoka. Usingizini ilikuwa vilevile, liliniamsha. Nikakonda. Wapo walionisifu kwamba nimependeza, na wapo walionitazama bila kusema kitu, na hao wa pili walinitisha zaidi.

Aliyegundua alikuwa yule mama mpishi. Choo chake kilikuwa karibu na mlango wa depo kuliko changu, na siku moja sikuwa na muda wa kuomba ruhusa. Nilipotoka alikuwa amesimama na ndoo.

“Mutoto yangu, weye unagonjwa,” alisema. “Usinifiche. Kuya utumie choo yangu, mayi iko pale kila siku. Hakuna mwenye atakuuliza kintu.”

Na kweli hakuna aliyeniuliza. Tangu siku hiyo ndoo haikukosa maji, na yeye hakukosa kunitengea chakula kisicho na pilipili bila mimi kumwomba. Damu yangu aliijua yeye peke yake. Shikeni hilo, kwa sababu huyo ndiye ambaye ndugu zangu waliamua kwamba ameniwekea sumu.

Sasa nimwambie msomaji habari za tumbo la yaya wangu. Yaya ni mwanamume mnene, mwenye sauti ya kuita kamio kutoka mbali, na tumbo limemsumbua tangu alipoanza biashara ya mpakani. Linajaa hewa, linakaza, linamkata. Wiki hii anaharisha, wiki ijayo hapati choo. Akishaenda chooni maumivu yanapungua, anarudi mezani na kuendelea kulalamika. Sisi nyumbani tulilizoea kama mtu anavyozoea redio ya jirani.

Alipoona nimekonda alikuja akakaa juu ya gunia la sukari, akanihoji mpaka nikakubali kwamba naumwa tumbo. Nilisema tumbo tu. Damu sikuitaja, kwa sababu ni kaka yangu, na kwa sababu ya wale mbuzi. Uso wake ukabadilika.

“Miye na weye tunagonjwa maladi moja,” alisema. “Tunakutaniaka fasi gani kwa kula? Paka kwa ule mama. Alors? Hiyo ni karuho.”

Alimaanisha kwamba mahali tunapokula pamoja ni kwa yule mama tu, na karuho ni sumu. Kwetu Kivu hakuna neno linaloshusha sauti za watu kama hilo. Inasemekana mtu anakuwekea kwenye chakula au kinywaji, haikuui papo hapo, inakula tumbo polepole huku ukikonda na hospitali haioni kitu. Dawa yake iko kwa waganga wanaojua mizizi yake. Na karuho, tofauti na minyoo, ina mwenyewe. Ukisema karuho umeshasema kuna mtu, kinachobaki ni kumtafuta tu.

Yaya hakupoteza muda. Dereva mmoja alileta kutoka nyumbani chupa ya dawa chungu, nyeusi, ya kunywa na kutapika. Yaya alikunywa, akatapika, akajisikia mwepesi. Kipindi hicho makamio yake yalikuwa yanapita mpakani bila shida, na tumbo likamtulia kabisa. Mimi nilikunywa dawa hiyohiyo kutoka chupa hiyohiyo, nikatapika mpaka nikaona giza, na kesho yake damu ikatoka zaidi. Mtu yeyote mwenye akili baridi angejiuliza kwa nini dawa moja imempa huyu nafuu na yule imemzidishia. Yaya hakujiuliza. Alisema mimi ndiye niliyelengwa hasa, kwa hiyo nimepewa nyingi.

Sababu nayo ikapatikana. Ukuta wangu ulikuwa unamwagia yule mama maji ya mvua jikoni kwake, alikuwa amelalamika, na wakati fulani alipaza sauti mbele ya watu. Ikatosha. Mwenyeji, mwenye wivu na wageni wanaojenga, aliyekasirishwa na ukuta, na sufuria iko mkononi mwake. Kesi ilikamilika bila mshtakiwa kujua kwamba ameshtakiwa.

Alikuja kujua kwa njia ya madereva. Walianza kusema wamefunga, kisha wakaanza kula upande wa pili wa barabara huku wamefunga hivyohivyo. Wachimbaji wakafuata. Asubuhi moja tulikuta mafiga yake yamepigwa teke na bukari imefukiwa mchangani. Yeye aliokota mwiko, akaufuta kwenye kitenge, hakusema neno. Mimi nilisema, tena kwa kelele, lakini nilikuwa mtu mmoja. Katika mji huu nimeona paa la mzee likichomwa moto kwa neno jepesi kuliko sumu. Nilijua tunakoelekea, na nilijua kwamba wanakwenda huko kwa jina langu.

Niseme wazi nilivyojisikia: nilikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonipeleka hospitali. Maumivu yalikuwa yameshindwa kunipeleka. Nilikuwa nimekaribia kuanguka kati ya magunia, kichwa kinazunguka, na bado nilikuwa najiambia kesho, kesho. Lakini nilipomwona mama yule akiokota mwiko wake, nilifunga depo mchana kweupe, nikapanda teksi, nikaenda.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye maneno makavu. Kabla ya kunigusa aliniuliza maswali ambayo hata mama yangu mzazi hajawahi kuniuliza. Damu inachanganyika na choo au inadondoka baadaye? Kuna ute? Unaamshwa usingizini? Umepungua kilo? Una homa? Viungo vinakuuma? Kwa mara ya kwanza nilisema yote kwa sauti, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyokasirika kwamba nilikuwa nimeyabeba peke yangu.

Hakukimbilia kunipa jina la ugonjwa. Alisema kwetu hapa lazima kwanza tufukuze wezi wanaojulikana: amibe, bilharzia, kifua kikuu cha tumbo, kwa sababu vyote vinaweza kuigiza ugonjwa mwingine. Nilitoa choo, nilitoa damu. Hapakuwa na amibe. Walikuta damu yangu imepungua sana. Kisha akanipeleka kwa mwenzake mwenye kamera, ile wanayoingiza kwa nyuma. Ndiyo, kwa nyuma. Unakunywa dawa ya kusafisha utumbo mpaka unatoa maji matupu, wanakulaza ubavu, wanaingiza mpira mwembamba wenye taa. Wakachukua na vipande vidogo vya nyama kwenda kupimwa. Sikufa. Aibu nayo haikuniua, ingawa nilidhani ingeniua.

Majibu yalipokamilika alinikalisha. “Mama, hii haina amibe, haina karuho,” alisema, maana nilikuwa nimeshamsimulia. “Banaiitaka rectocolite. Utumbo mukubwa yako iko na bidonda. Ni mwili yako njo inajipiga yenyewe.”

“Nani aliifanya ijipige?”

“Hakuna muntu. Hatuyue vizuri juu ya nini inaanzaka. Chakula ya jirani haiwezi kuileta.”

Nikamwomba anieleze kama mtu atakayekwenda kuwaeleza wengine, na wengine hao ni wagumu. Akaeleza. Vidonda vyangu vilianzia chini kabisa, kwenye tundu, vikapanda juu mfululizo bila kuacha nafasi, vikakaa kwenye ngozi ya ndani ya utumbo mkubwa. Kuna ndugu wa ugonjwa huu, wanaouita wa Crohn, ambao hurukaruka: hapa pazima, pale pabovu, popote kuanzia mdomoni mpaka mwisho wa njia, na unachimba kwa kina. Magonjwa hayo mawili ni ya vidonda kweli, yanaonekana kwa kamera, yanatoa damu au yanakondesha, hutulia kisha huamka tena. Halafu kuna tatizo la tatu, linalotajwa pamoja nayo kila siku ingawa si la ukoo wao: kolon iritable. Hilo ukiingiza kamera unaona utumbo mzuri unaong'aa. Maumivu ni ya kweli, hewa ni ya kweli, kuharisha na kufunga choo ni kweli, lakini hakuna kidonda, hakuna damu, halikondeshi mtu, na kwa kawaida halimtoi mtu usingizini. Mara nyingi linafuata wasiwasi na namna ya kula.

Niliposikia hayo nikaanza kuhesabu kwa vidole. Hewa. Wiki hii anaharisha, wiki ijayo hapati choo. Akishaenda, maumivu yanapungua.

“Kaka yangu,” nilisema.

“Kaka yako sijamuona, siwezi kusema,” alinikata. “Mulete. Lakini unaweza kumuuliza maulizo yenye nilikuuliza weye.”

Kisha akanieleza sehemu ambayo sikutaka kuisikia. Dawa zipo, zitatuliza vidonda, damu itakatika, nitanenepa. Lakini ugonjwa wenyewe hautoki. Utalala, utaamka, utalala tena, na mimi nitameza dawa hata siku ninazojiona mzima, na kamera ile nitakutana nayo tena. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikalia, bila kujificha, watu wakipita. Sikulia kwa huzuni tu. Nililia kwa ukorofi wa jambo lenyewe: mwili wangu, niliofanya nao kazi bila kupumzika, umenigeuka.

Nilimkuta yaya kwenye uwanja wake wa makamio, anagombana na fundi wa matairi. Nikamwambia nina maulizo. Fundi akataka kuondoka kwa adabu, nikamwambia abaki kama anataka. Akaondoka mbio.

“Unatokaka damu, yaya? Kwa choo?”

“Weye! Unasema na mukubwa yako!”

“Unatokaka damu ao hapana?”

“Hapana! Damu ya nini?”

“Tumbo inakuamshaka uko unalala?”

Akafikiri. Yaya analala kama gunia, nyumba nzima inajua. “Hapana,” alisema.

“Umekonda?”

Tukatazama tumbo lake pamoja. Halikuhitaji jibu.

“Inakuuma sana wakati gani?”

Alisema wakati makamio yamezuiwa mpakani Kasumbalesa. Wakati forodha wanapiga simu. Nikamuuliza alipokwenda Butembo kwenye harusi na kukaa kule kupumzika, tumbo lilikuwaje. Akasema kule alikuwa mzima. Nikamkumbusha kwamba tumbo lake lilianza miaka mingi kabla hajaonja chakula cha mama yule, wakati depo yangu bado ilikuwa msingi wenye majani. Akakubali kwa kichwa, akitazama pembeni.

Ndipo nikamwambia yangu. Nilimwambia damu, ute, kuamshwa, kamera na mahali ilipopitia. Mtu mzima yule alifunika uso kwa mikono. Nikamweleza kwa lugha anayoielewa: lako ni kamio zima lenye dereva mwenye pupa, anakanyaga mafuta, anakanyaga breki, abiria wanaumia lakini gari halina ubovu. Langu ni chuma chenyewe kilichotoboka. Magari mawili, matatizo mawili. Hakuna mtu aliyetupa sumu moja, kwa sababu hatuna ugonjwa mmoja.

Alikubali kumwona daktari, kwa sharti kwamba hakuna mpira utakaoingizwa popote. Walimpima damu na choo, akakandwa tumbo, akahojiwa, na kwa hali yake daktari hakuona haja ya kamera. Alipoambiwa kolon iritable alikasirika. Alidhani anaitwa mwenye wazimu. Daktari akamwambia maumivu yake si ya kujitungia, utumbo wake unasikia kila kitu kwa nguvu kupita kiasi, na akampangia namna ya kula, ya kupunguza vinywaji vya gesi na kutembea kwa miguu.

Lakini kikao cha familia kilikuwa kimeshaitishwa tangu siku zile za maneno ya karuho. Kilifanyika nyumbani kwa yaya, Makomeno, Jumapili baada ya ibada. Baba mdogo wetu ndiye aliyekaa kiti cha katikati, shangazi wawili kwenye kochi, wazee wengine wa kwetu wenye biashara hapa mjini. Na walikuwa wamemwita mama mpishi. Walitaka aape mbele yao. Alikuja peke yake, amevaa kitenge chake cha kanisani, wakamwonyesha kiti cha plastiki karibu na mlango. Hakuna aliyempa hata maji.

Baba mdogo alianza na maombi, kisha akamgeukia. Kabla hajafungua mdomo nilisimama.

“Baba mudogo, mbele ya kumuuliza, muniulize miye. Miye njo ninanya mavi ya damu.”

Shangazi mmoja alitoa sauti kama mtu aliyeungua. Mzee mmoja akasema nikae chini, hayo si maneno ya mbele ya wakubwa. Sikukaa. Niliwaambia mavi yangu yalivyo, tangu lini, rangi yake, ute wake. Niliwaambia mpira ulipita wapi na nini kilionekana. Niliwaambia magonjwa matatu na tofauti zake, kama nilivyoambiwa, ule wa kurukaruka, ule wa kupanda mfululizo na ule usio na kidonda. Kila walipoinamisha macho nilipandisha sauti. Kwa miaka mingi tumeona haya kutaja choo, nikawaambia, lakini kumwita mtu muuaji hatuoni haya.

“Maladi haikuyaka yenyewe,” alisema baba mdogo, polepole. “Iko na mwenye aliituma. Na kaka yako? Naye iko na tumbo sawa yako.”

Wote wakamtazama yaya. Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa kimening'inia. Angenyamaza tu, ingetosha kummaliza yule mwanamke. Alijikuna shingo. Alimtazama mkewe, akatazama zulia.

“Yangu haina sawa yake,” alisema. “Yangu ni… ni ya wasiwasi. Daktari alisema. Ilianza mbele ya kumujua huyu mama. Nilisema bongo, lakini sikujua kama ni bongo.”

Bongo kwa lugha ya hapa ni uongo, na kwa kulisema neno hilo nilimpenda kaka yangu wakati ule kuliko siku yoyote. Kwa mwanamume wa kwetu, kusema mbele ya wazee kwamba tumbo lake linaumwa kwa wasiwasi si jambo dogo.

Baba mdogo alinigeukia mimi. Kisha akaniuliza swali ambalo lilinifungua macho. “Karuho inatokaka,” alisema. “Banakupa dawa, unatapika, unapona. Hii yako, itatoka?”

“Hapana,” nikamjibu. “Nitakuwa nayo mpaka mwisho.”

Shangazi akaanza kulia. Nikaelewa, nikiwa nimesimama pale katikati ya kochi na runinga, kwamba hawakuwa watu wabaya. Walitaka iwe sumu kwa sababu sumu ina dawa. Walikuwa tayari kumtoa kafara mwanamke huyu ili mimi nipone. Nikawaambia upendo huo siutaki. Kama matumaini yangu yanapatikana kwa kumchoma mtu mwingine, waniache bila matumaini, nitaishi na dawa zangu na choo changu.

Wazee wakanong'onezana. Mwishowe baba mdogo akatoa uamuzi aliouona wa busara. Mama hana hatia, asiape. Lakini kwa ajili ya amani, mimi na watu wetu tuache kula kwake. Kila mtu akaitikia kwa kichwa, wamefurahi kwamba yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mama mpishi alisimama, akakaza kitenge chake.

“Basi museme tu niko muloji, niko muchawi,” alisema. “Mukiacha kula, Ruashi yote itajua juu ya nini. Afazali muniue leo.” Akatoka, na mlango hakuufunga.

Alikuwa na haki, na mimi niliwaambia hivyo. Nikamwambia baba mdogo kwamba uamuzi wake siukubali, na kwamba nitakula pale nilipokuwa nakula. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ukoo wetu kumjibu hivyo. Kuna wazee ambao mpaka leo hawanisalimii, na mimi sijawafuata kuwaomba.

Mama mpishi hakunikumbatia. Kwa wiki kadhaa aliniuzia chakula kama anavyomuuzia mpita njia, sahani juu ya benchi, bila neno. Nilistahimili. Nilihamisha benchi langu kutoka kivulini nikaliweka ukingoni mwa barabara, mahali ambapo kila anayekwenda mgodini na kila dereva lazima anione nikikata bukari. Yaya naye alikuja akakaa, akala, akapiga mbweu kwa makusudi. Wateja wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wenye njaa kwanza.

Kisha ugonjwa ukaamka, kama nilivyoambiwa. Nilikuwa nakunywa dawa zangu bila kuruka, na bado ukaamka. Damu, ute, msokoto, yote. Siku ya kwanza nilikaa kitandani nikifikiri: nikionekana naumwa, watasema ni sufuria. Nikijificha, watasema ni sufuria vilevile. Nilimpigia daktari simu, akaniongezea dawa na kuniambia nile vitu laini. Saa ya kula nilikwenda kwenye benchi langu. Mama mpishi alinitazama mara moja tu, akaelewa, akaniwekea wali mtupu na samaki aliyetolewa miiba, halafu akaenda kujaza ndoo.

Nilikuwa sijafika katikati ya sahani utumbo ulipokaza. Nikasimama, nikavuka mbele ya watu wote nikishika tumbo, nikaenda, nikarudi, nikakaa, nikaendelea kula. Ikawa hivyo tena. Wachimbaji kwenye benchi la pili waliacha kutafuna. Kijiko cha mmoja wao kilibaki juu ya mchuzi. Mama mpishi alikuwa amesimama nyuma ya mafiga, mwiko mkononi, hajongei.

“Mama,” aliniuliza yule mchimbaji, akiitazama sufuria. “Njo hii chakula inakufanya vile?”

“Hapana,” nilimjibu kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. “Njo miye. Mavi ni yangu, damu ni yangu, maladi ni yangu. Kula.”